Darasa la Wasio Kondoo

Wanafunzi walimwita dada yangu Mwalimu Kwa Nini, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Ukiandika kwenye insha kwamba mhusika fulani ni mwema, atapiga mstari chini ya neno "mwema" na kuandika pembeni kwa wino wa kijani: Kwa nini? Ukiandika kwamba ni mbaya, swali ni lile lile. Wapo waliodai kwamba hata ukimwambia umeamka salama, atakuuliza kwa nini. Huo ni uzushi wa wanafunzi, lakini tangu lini uzushi ukaota bila mbegu?

Mimi ni mdogo wake, tumeachiana ziwa. Nashona sare za shule katika chumba alichokuwa akifanyia kazi baba yetu, chini kidogo ya shule anayofundisha yeye. Basi kazi yangu ni kuwafanya watoto mia kadhaa wafanane, na kazi ya Dada ni kuwafanya wasifanane. Watu wa mtaani walituchekea kwa hilo. "Fundi anafunga vifungo, dada yake anavifungua," walisema. Sisi wenyewe tulicheka. Tulikuwa tunakula meza moja kila Jumapili, na hakuna aliyemtaka mwenzake abadili kazi.

Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mbishi. Mama akisema "fanya hivi," mimi nimeshafanya, Dada bado anauliza faida yake. Baba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa fundi wa kushona aliyejua kazi yake, mpole kwa wateja, mkavu nyumbani. Alimtaka Dada, kwa kuwa ndiye wa kwanza na mikono yake ilikuwa myepesi, aache shule akishajua kusoma na kuandika vizuri, akalie cherehani. Dada alikataa. Alikataa mchana kweupe, wageni wakiwa sebuleni, na habari ile ilizunguka kwa jamaa mpaka ikawa kama hadithi ya kutishia watoto. Mwisho wake Dada alikwenda shule ya bweni, akaenda chuo, akarudi mwalimu wa fasihi. Mimi nikakalia cherehani. Kwa jamaa zetu wote hesabu ilikuwa nyepesi: binti ni mwasi, kijana ni mtiifu.

Darasani Dada alikuwa moto. Vile vijitabu vya majibu tayari, vinavyouzwa vimebandikwa picha ya mwanafunzi anayecheka, alivipiga marufuku. Akikuta kimoja chini ya dawati anakichukua kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemwondoa panya, anakiweka dirishani. "Kondoo hafanyi mtihani kwangu," anasema. Neno hilo likapendwa. Likaandikwa kwenye madaftari, likachongwa kwenye madawati. Ikafika mahali Dada akiuliza, "Ninyi ni nani?" darasa zima linajibu kwa sauti moja, "Sisi si kondoo!"

Nikiwa nawapima sare walikuwa wananiambia hivyo hivyo. "Fundi, mimi si kondoo, nifupishie sketi." Anayefuata: "Fundi, mimi si kondoo, nifupishie." Na wote wanaonyesha palepale, vidole viwili juu ya goti, utadhani wamepimwa na futi moja. Nilicheka na moyo wangu, nikashona kama shule inavyotaka.

Mwaka ninaousimulia, kitabu walichokuwa wanasoma kilikuwa riwaya ya ndugu wawili wa kike katika kiwanda cha nguo. Mwenye kiwanda ametunga wimbo wa kujisifu, na kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, wafanyakazi wanasimama mistari na kuuimba. Siku moja yule mdogo anafunga mdomo. Haimbi. Kesho yake haimbi tena. Siku zinakwenda, mnyapara anakuja kugundua, mdogo anafukuzwa kazi mbele ya watu. Yule mkubwa anabaki, na anaimba mpaka ukurasa wa mwisho. Ni hayo tu kwa ufupi, na hata mimi ambaye si mtu wa vitabu nilikisoma, kwa sababu kila mtoto aliyesimama mbele yangu kupimwa alikuwa anakizungumzia.

Vijitabu vya majibu vilisema mdogo ni shujaa na mkubwa ni mwoga, kibaraka, mtu wa ndiyo bwana. Cha ajabu ni kwamba Dada, adui wa vijitabu, alifundisha vilevile. Hakuwa ameviiga. Alimpenda yule mdogo kwa dhati, alimwona kama mtoto wake, pengine alijiona yeye mwenyewe. Alipofika sura ya kufukuzwa kazi alikuwa anasoma kwa sauti huku amesimama katikati ya madawati, na wapo wasichana waliotoka darasani macho mekundu.

Alikuwepo binti mmoja darasani humo aliyeitwa Kimya. Si kwamba alikuwa bubu au mwenye huzuni. Alikuwa tu na tabia ya kuacha wenzake wamalize. Alikuja kwangu mara moja kurekebishiwa kola, akanyoosha shingo, akasema neno moja, "Inabana," akaondoka. Baba yake ni fundi wa majokofu, mtu mnene mwenye sauti ya kupasua kuta, na mtaani walitania kwamba mtoto hakupata nafasi ya kuongea nyumbani.

Siku yenyewe nilikuwepo, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Nilikuwa nimeitwa kupima wanakwaya, nikafika mapema, Dada akaniambia nikae nyuma ya darasa mpaka kipindi kiishe. Nikakaa na futi shingoni.

"Nani jasiri katika kitabu hiki?" Dada akauliza.

"Mdogo!" darasa likajibu.

"Nani mwoga?"

"Mkubwa!"

"Na ninyi je?"

"Sisi si kondoo!" Madirisha yakatikisika. Dada akatabasamu, akageukia ubao.

Hapo mkono wa Kimya ukawa juu. Haukunyooshwa sana, kiwiko kilikuwa bado kimelala mezani. Dada alipogeuka akashangaa kuuona.

"Sema, binti."

"Mwalimu, mimi naona mkubwa si mwoga. Naona naye pia alikuwa..." Akatafuta neno. "Alikuwa anapigana."

Kicheko kikaanzia mbele kikafika kwangu. Kijana mmoja mrefu, ambaye nilikuwa nimemwongezea pindo la suruali mara mbili mwaka huo, akalia, "Meee!" Darasa lote likamfuata. Darasa zima la watu wasio kondoo, wanalia kama zizi.

Dada akapiga meza, wakanyamaza. Nikangoja amwulize lile swali lake. Hakuuliza. Alimwambia Kimya, kwa upole lakini kwa sauti ya kufunga mlango, "Kaa. Karudie kusoma sura ile, mwenzetu. Umeielewa kinyume."

Kimya akakaa. Hakulia, wala hakuinamisha kichwa. Alifungua kitabu na kuanza kuirudia ile sura hapo hapo, kana kwamba ametumwa kweli.

Alasiri Dada akapita kwangu kama kawaida yake. Pana kigoda karibu na meza ya pasi. Hukaa hapo, huvua viatu, husahihisha kazi huku mimi nakanyaga cherehani. Nilimaliza mshono mmoja, nikaanza mwingine, mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Dada, leo yule binti hukumwuliza."

"Sikumwuliza nini?"

"Wewe unajua."

Akaacha kalamu. "Wewe shona."

Nikashona. Yeye ni dada yangu mkubwa, na akisema shona nashona. Lakini nilimwona kwa pembe ya jicho akikitoa kile kitabu mkobani, akitafuta ukurasa. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Muda ukapita. Mteja akaja akachukua mzigo wake akaenda. Kisha nikasikia, "Lo!"

Nikageuka. Alikuwa ameweka kidole chini ya mstari, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Sikiliza," akasema, akanisomea. Ilikuwa ile asubuhi mdogo anapofunga mdomo kwa mara ya kwanza. Kitabu kilisema mkubwa alitoka kwenye mstari wake, akasogea ubavuni mwa mdogo wake, akaimba kwa nguvu kuliko siku zote, hata mnyapara akageuka na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Miaka yote nimewaambia hapo anajipendekeza," Dada akasema. "Sasa kama anajipendekeza, asogee kwa mdogo wake ili iwe nini? Si angesogea mbele, kwa mnyapara?"

"Anaimba kwa wawili," nikasema.

Sikusema kwa busara yoyote. Ni kitu ambacho mtu wa mikono anakiona: shati likipasuka ubavuni, unashona koti linaloziba.

Dada akainua macho. Aliniangalia mpaka nikaona aibu, nikashika mkasi bila kazi nao.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ile baba alipotaka nikae kwenye cherehani. Wewe uliingia sebuleni ukasema wewe ndiye unayeitaka. Ukasema unaipenda kufa, hulali kwa kuiwaza. Wageni wakacheka."

"Nilisema."

"Ulikuwa unaipenda?"

Sasa hapo nifanye nini? Nilikuwa kijana wa kuchora ramani. Madaftari yangu yote yalikuwa na mito na mipaka, na mwalimu wangu wa jiografia alikwishaniambia kwamba kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Cherehani ilikuwa inanitia usingizi. Lakini baba alikuwa na cherehani moja na alitaka mrithi mmoja. Akishampata, hakuwa na sababu ya kumng'ang'ania mwingine.

"Sikuwa naipenda," nikamjibu. "Nimekuja kuipenda baadaye, na siku hizi siibadilishi na kitu. Kwa hiyo usianze kunililia hapa, utalowesha kitambaa cha watu."

Alilia kidogo hata hivyo. Kisha akacheka, akafuta pua, akaniambia mimi ni mjinga. Kisha akasema, "Watu wote walinisifu mimi kwa kukataa. Hata mimi nilijisifu." Nikamwambia alistahili, maana mimi nisingeweza kusimama mbele ya baba vile hata kwa kusukumwa. Kila mtu na mguu wake. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na halikuhitaji.

Kesho yake alifanya kitu ambacho wanafunzi walinisimulia mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na mkono juu akipimwa kifua, na maelezo yao yalilingana. Aliingia darasani, hakuuliza ninyi ni nani. Akasema, "Jana Kimya alisema jambo, nikamkalisha. Nilikosea. Sikumwuliza kwa nini. Kimya, mama yangu, kwa nini?"

Kimya akasimama. Akasema kwamba amehesabu mahali pote ambapo mkubwa anaimba kwa nguvu, na kila mara mdogo yuko karibu. Mdogo anapofukuzwa, kitabu hakisemi tena kwamba mkubwa anaimba kwa nguvu. Kinasema tu anaimba. "Kama ni kumpendeza mwenye kiwanda," akasema, "angeendelea kwa nguvu ile ile. Tena zaidi, maana ndugu yake ametia aibu."

Hakuna aliyelia meee. Yule kijana mrefu akainua mkono, akasema, "Lakini mwishoni bado anaimba. Mdogo hayupo. Anamlinda nani sasa?" Kimya akasema hajui, bado anafikiria. Msichana mwingine akasema anaogopa kufukuzwa, na kuogopa si dhambi. Mwingine akadakia kwamba si dhambi lakini si ushujaa pia. Kengele ikalia wakiwa katikati. Mwalimu wa hisabati alisimama mlangoni na vifaa vyake mpaka akachoka, akaingia kwa nguvu.

Dada alifika kwangu siku hiyo bila viatu kumbana. Alikuwa kama mtu aliyepandishwa cheo. "Wamenipinga, mdogo wangu," akasema. "Wawili wamenipinga mimi usoni, na wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani!" Alisema hivyo kama mtu anayekuambia shamba limetoa mavuno.

Shida ilikuja na mtihani wa majaribio. Shule za eneo letu hubadilishana karatasi, kila shule ikasahihisha za wenzake, kwa mwongozo mmoja ulioandikwa na walimu wachache. Swali la ndugu wale wawili lilikuwemo. Kimya akaandika alivyoona. Karatasi ikarudi na sufuri kubwa kwenye swali hilo, na maneno: Si sahihi, rejea mwongozo.

Mkuu wa shule alimwita Dada ofisini. Si mtu mbaya, mkuu. Ni mtu wa matokeo. "Mwalimu, wewe ndiye umewazoesha ukaidi," akamwambia. "Ubishi una mahali pake. Karatasi ya mtihani si mahali pake."

Na kabla jambo hilo halijapoa, baba yake Kimya akashuka. Hakwenda shuleni; alijua Dada hukaa kwangu alasiri. Aliingia na sanduku lake la vifaa, chumba kikajaa. Kimya alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, maana pamoja na unene wake alimheshimu.

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Sikai, nitavunja kigoda cha watu. Mwalimu, mimi nina mtoto mmoja tu mwenye akili ya darasani, huyu. Nataka apite. Aandike wanachotaka, apate cheti, kisha abishane mpaka azeeke. Nimekosea?"

Nilidhani Dada atawaka. Dada wa zamani angewaka, angempa hotuba ya kondoo. Safari hii alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hujakosea," akasema. "Mimi pia nataka apite. Lakini siwezi kumwambia aandike asichokiona, na siwezi kumlazimisha aandike anachokiona. Mtihani ni wake. Mwulize mwenyewe."

Yule bwana akageuka kumtazama mwanawe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza amemwuliza kitu akangoja jibu.

Kimya akasema, "Baba, nikiandika wanachotaka nitapita. Nikiandika ninachokiona pia nitapita, ila itabidi niandike vizuri zaidi."

"Vizuri zaidi kiasi gani?"

"Kiasi cha kumfanya msahihishaji afungue kitabu."

Baba mtu akaangua kicheko, sindano zikaruka mezani. "Haya! Basi andika vizuri zaidi! Lakini ukianguka, utabeba sanduku hili mpaka mabega yapinde."

Walimu wa eneo wakakutana kujadili matokeo ya majaribio. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mtu ambaye hana sababu ya kumpendelea dada yangu. Ni mwalimu mzee wa shule ya pili, mteja wangu wa makoti, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Nukta kwa kuwa hukata alama kwa kila nukta iliyosahaulika. Yeye na Dada waliwahi kugombana vibaya mkutanoni, pale Dada alipochana kijitabu cha majibu mbele ya watu vipande vipande. Na Bwana Nukta ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mwongozo.

"Nilikuwa nimejiandaa kwa vita," aliniambia, mikono kaitanua huku mimi namwekea pini begani. "Nikajua atapiga meza. Akasimama, akasema anaomba kitu kimoja tu: tufungue ukurasa ule, kila mtu asome kimya. Basi. Akakaa."

"Mkasoma?"

"Utakataaje kusoma kitabu unachofundisha? Tukasoma. Kisha akasimama yule mwalimu kijana aliyempa mtoto sufuri, akasema jibu halikuwemo kwenye mwongozo, yeye afanyeje? Nikaona ananitazama mimi. Wote wananitazama mimi."

"Ukasema nini, Mwalimu?"

Bwana Nukta alijiangalia kwenye kioo, akanyoosha kola ambayo haikuwa na kosa. "Nikasema: mimi bado naona yule mkubwa ni mwoga, na mtoto huyu hajanishawishi. Lakini ametoa ushahidi wa kitabu, na mimi sikuupinga kwa ushahidi, niliupinga kwa uzee. Apewe alama. Na mwongozo uongezwe mstari: hoja nyingine yoyote yenye ushahidi ipokelewe." Akanigeuzia bega lingine. "Dada yako akaja kunishika mkono. Sikutegemea. Nikamwambia, usifikiri umenishinda. Akasema, sitaki ukubaliane nami, nani atabaki wa kubishana naye?"

Nikamtoa pini ya bega. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia yule mzee, lakini koti lake lilikuwa bado lina nyuzi za kushikiza.

Mstari ule mmoja uliongezwa. Ni mstari mfupi, ungeweza kuupita bila kuuona. Lakini walimu wa shule nyingine wakaanza kuutumia, na watoto wakaanza kuandika vitu ambavyo havikuwa vimeandikwa popote. Vingine vilikuwa upuuzi. Kuna mmoja aliyeandika kwamba mnyapara ndiye shujaa wa riwaya kwa sababu ndiye pekee aliyefika kazini mapema. Dada alimpigia mstari wa kijani, akamwuliza kwa nini, mtoto akajaza karatasi mbili, na Dada akaja kunisomea zote huku anajishika mbavu. "Amekosea kila kitu," akasema, "lakini amekosea mwenyewe!"

Mtihani mkubwa ulipokuja, swali la ndugu wawili halikutokea kabisa. Waliulizwa kuhusu mandhari ya kiwanda. Kimya alitoka chumbani akakutana na Dada uwanjani, wakatazamana, wakacheka mpaka msimamizi akatoka kuwanyamazisha. Maandalizi yote yale! Hata hivyo aliandika kuhusu mandhari, na aliandika vizuri zaidi. Alipita, alama ya juu katika fasihi, na darasa lao lote lilifanya vizuri kuliko madarasa yaliyotangulia. Mkuu wa shule alilisema hilo mbele ya wazazi. Alisema pia kwamba siku zote alikuwa na imani na mbinu za Mwalimu wetu. Dada akapiga makofi kwa adabu. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, na mtu aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza kama namfahamu yule mwalimu. Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba ni dada yangu, tumbo moja.

Jumamosi baada ya matokeo baba yake Kimya alikuja tena na binti yake. Kimya alikuwa amepata chuo, atasomea upimaji wa ardhi, na alihitaji ovaroli. Nilimpima. Alitaka mifuko ya pembeni iwe mirefu na mmoja uwe kifuani upande wa kushoto, kwa ndani, na aliponiambia hivyo alieleza sababu ya kila mfuko. Dada alikuwa kwenye kigoda chake, karatasi mapajani.

Yule bwana akasafisha koo. Kutoka kwenye sanduku la vifaa, kati ya spana na mrija wa shaba, akatoa kile kitabu. Kilikuwa na alama ya kidole cha grisi kwenye jalada.

"Mwalimu," akasema, "nimekisoma. Mimi tangu niache shule sijasoma kitabu. Nilikuwa nasoma mabomba yakiganda." Akafungua mahali alipokunja. "Sasa, huyu binti amekosea, na wewe umekosea, na yule mzee wa nukta amekosea. Mnabishana juu ya hawa ndugu wawili, hakuna anayemtazama mama yao. Mama anawaamsha alfajiri, anawatia moyo waende, anajua kinachoimbwa kule. Yeye mnamwitaje?"

"Baba, mama yao ametajwa mara mbili tu," Kimya akasema.

"Ndiyo maana nasema hamumtazami!"

"Ushahidi uko wapi?"

"Nakuonyesha. Usinikatize. Ukurasa huu hapa, anapokosha vyombo..."

"Baba, anakosha vyombo tu."

"Anakosha huku anaimba nini? Soma! Soma anaimba nini!"

Walitoka wakiwa wanabishana, yeye ameshika kitabu juu kama mtu anayekizuia kisilowe, binti anamrukia kukifikia. Dada akasimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, miguu mitupu juu ya vipande vya kitambaa. Uso wake ulikuwa umekunjuka, unang'aa. Sauti ya yule bwana tuliisikia mpaka walipokata kona, na ya binti tuliisikia hata baada ya hapo.